Barua ya wazi kwa wakuu wa Serie A: Ulinzi uacheni kama ulivyo, turudishieni mpira unaochezwa

Kwa: Uongozi wa Lega Serie A, Milano
Kwa: Uongozi wa Shirikisho la Soka la Italia (FIGC), Roma
Kwa: Uongozi wa Chama cha Waamuzi wa Italia (AIA)

YAH: LAWAMA KWAMBA LIGI YENU INAJILINDA KUPITA KIASI

Waheshimiwa,

Kibanda umiza chenye skrini mbili, kiwe Dar es Salaam au Mombasa, wikiendi huweka Ligi Kuu ya Uingereza kwenye skrini kubwa. Serie A, ligi kuu yenu, hupewa ile ndogo ya pembeni, tena kama hakuna mechi nyingine ya kuweka. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: Waitaliano wanapaki basi, yaani wanajilinda tu. Sisi tunaoichambua ligi yenu kwa Kiswahili tunaandika kwa sababu jibu hilo si sahihi, na tunahofia kwamba hata huko kwenu wapo wanaoanza kulikubali. Mkilikubali mtaanza kuutibu ulinzi, ambao ndio mali yenu bora kuliko zote, na ugonjwa wenyewe mtauacha uendelee.

Msimamo wetu ni huu: Serie A haichoshi kwa sababu timu zinajilinda, inachosha pale mpira unaposimama. Filimbi kwa kila mguso, kipa anayekaa chini kuomba matibabu wakati timu yake inaongoza, goli kiki inayosubiriwa nusu dakika, nyasi ndefu na kavu zinazoupunguzia mpira mwendo. Karibu yote hayo mnaweza kuyarekebisha kabla ya msimu ujao bila kusubiri sheria mpya ya soka.

Tupite kwanza kwenye historia, maana lawama zinaanzia huko. Katenacho, ile mbinu ya kujilinda inayohusishwa na Italia, haikuzaliwa Milano. Karl Rappan alijenga mfumo wa kufunga nyuma huko Uswisi miaka ya 1930, na Nereo Rocco akaifikisha Triestina, timu ndogo kabisa, nafasi ya pili ya ligi msimu wa 1947-48 kwa mbinu za aina hiyo. Inter ya Helenio Herrera ndiyo iliyoipa jina duniani, Armando Picchi akiwa libero, beki huru nyuma ya mabeki wenzake, na Kombe la Ulaya likaenda Inter mwaka 1964 na 1965. Lakini kwenye timu hiyo hiyo beki wa kushoto, Giacinto Facchetti, alikuwa akipanda hadi boksi la wapinzani na kufunga mabao, kazi ambayo mabeki wengi wa pembeni wa enzi zake hawakutumwa.

Miaka 30 baadaye Milan ya Fabio Capello ilichukua ubingwa wa 1993-94 kwa mabao 36 tu katika mechi 34, ikifungwa 15. Anayezisoma takwimu hizo peke yake atadhani ilikuwa timu ya kusinzisha watu. Tarehe 18 Mei 1994, mjini Athens, timu hiyo hiyo, bila Franco Baresi wala Alessandro Costacurta waliokuwa wamefungiwa, iliifunga Barcelona 4-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mashambulizi yale yalianzia kwenye ukabaji: Milan iliupoka mpira Barcelona ikiwa imepanda, na pasi mbili baadaye ilikuwa golini.

Na kama kosa ni utamaduni, basi takwimu za miaka ya karibuni hazielezeki. Misimu ya 2019-20 na 2020-21 Serie A ilivuka wastani wa mabao 3 kwa mechi. Atalanta ya Gian Piero Gasperini peke yake ilifunga 98 msimu wa 2019-20, na Ciro Immobile wa Lazio akafunga 36, akiifikia rekodi ya Gonzalo Higuaín ya 2015-16. Kufikia 2022-23 wastani ulikuwa umeshuka hadi karibu 2.6, na haukupanda tena kwa misimu miwili iliyofuata. Ligi Kuu ya Uingereza, msimu wa 2023-24, ilifika 3.28. Utamaduni wa taifa zima hauwezi kugeuka ndani ya miaka miwili. Tukiri pia kwamba sehemu ya mabao ya 2019-20 ilitokana na penalti nyingi mno zilizotolewa kwa tafsiri kali ya mpira wa mkono, na kwamba misimu ile miwili ilichezwa kwa kiasi kikubwa kwenye viwanja vitupu, ratiba ikiwa imebanwa na miguu imechoka. Hata hayo ukiyaondoa, uwanjani kuna kitu kilichobadilika.

Kilichobadilika ni kuenea kwa ukabaji wa mtu kwa mtu uwanja mzima. Gasperini alipofika Atalanta mwaka 2016 alikuwa karibu peke yake katika hilo. Beki wake wa kati alimfuata mshambuliaji hata mita 40 kutoka golini kwake, na viungo wake waliwakaba viungo wa wapinzani hadi mbele ya boksi lao. Timu nyingine, zilizozoea kukaba kwa eneo, zilipoteza mpira karibu na goli lao, na Josip Iličić, Papu Gómez na Duván Zapata wakazimaliza. Kisha wengine wakaiga. Ivan Jurić, aliyecheza chini ya Gasperini na baadaye kuwa msaidizi wake, aliipeleka mbinu hiyo Verona na Torino, na baada yake makocha wengi wakaichukua, ama yote au nusu.

Sasa tazameni mechi ya katikati ya jedwali inayokutanisha timu mbili za aina hiyo. Zote zina mabeki watatu, mawinga-beki wawili na viungo wawili, kwa hiyo kila mchezaji ana mtu wake na hakuna aliye huru kupokea pasi. Kipa anatazama kushoto, anatazama kulia, anapiga mrefu. Straika anaupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki yuko nyuma yake amemkaribia kama kivuli. Straika anausikia mkono kiunoni, anakunja magoti, anaanguka. Filimbi. Mpira unatengwa, watu wanapanga ukuta ambao hauhitajiki, mpira unapigwa, upande wa pili jambo lile lile linarudiwa. Timu zote mbili zimepanda, zinakaba kwa ujasiri, hakuna iliyojificha kwenye boksi lake. Aliyeko mbele ya televisheni anaona vipande vya sekunde kumi kumi, na anasema Waitaliano wanajilinda.

Fanyeni hesabu ya mfano. Mechi ikiwa na faulo 26, na kila faulo ikila sekunde 30 kuanzia filimbi hadi mpira kupigwa tena, hizo ni dakika 13. Mipira ya kurusha 36 kwa sekunde 15 ni dakika 9. Goli kiki 14 kwa sekunde 25 ni karibu dakika 6. Hapo tayari dakika 28 zimekwenda, na hatujagusa kona, mabadiliko ya wachezaji watano kwa kila timu, majeruhi na VAR, ile video ya kumsaidia mwamuzi. Katika vitu hivyo vyote, faulo ndizo zinazokula zaidi, na ndizo pekee zinazotegemea uamuzi wa mtu mmoja kwa kila tukio. Ndiyo maana ombi letu la kwanza na zito kuliko mengine linakwenda AIA.

Sheria ya 12 haisemi kwamba mguso ni faulo. Inataka mchezaji awe ametenda kwa uzembe, au kwa kutojali usalama wa mwenzake, au kwa nguvu kupita kiasi. Beki aliyesimama nyuma ya straika na kuweka mkono mgongoni ili ajue alipo hajatenda lolote kati ya hayo, mpaka asukume au avute. Tunaomba waamuzi wa Serie A wapewe maelekezo matatu yanayokwenda pamoja. Straika aliyeligeuzia goli mgongo na kuanguka kwa mguso wa mkono asipewe faulo, mchezo uendelee. Mwamuzi anapoona faulo ya kweli lakini timu iliyochezewa bado ina mpira, asubiri sekunde mbili au tatu kabla ya kupuliza. Na anayevuta jezi au kumkata mtu makusudi ili kuzuia shambulizi la kushtukiza apate kadi ya njano hapo hapo, hata kama ni dakika ya 3.

Hilo la tatu msilitenganishe na yale mawili. Mkipunguza filimbi bila kuongeza kadi za faulo za makusudi, mabeki watageuza mchezo kuwa mieleka na anayepata hasara ni mwenye chenga. Na mjue mapema mambo yatakavyoharibika: mechi tano za mwanzo zitakuwa na kelele. Wachezaji waliozoea kuanguka wataanguka na kubaki chini wakimtazama mwamuzi. Rais wa klabu fulani ataenda kwenye televisheni kulalamika kwamba timu yake imeonewa, na kocha atafanya hivyo hivyo wiki inayofuata. Mkilegea wiki ya sita, kazi yote imepotea, maana mchezaji hujifunza kwa kile kinacholipwa. Mna kipindi cha televisheni kinachowasikilizisha watu mazungumzo ya chumba cha VAR, na ni kizuri. Ongezeni humo dakika chache za migusano ambayo mwamuzi aliiacha iendelee, mseme kwa nini. Mashabiki wakiona mfano wa kwao na wa wapinzani ukipimwa kwa kipimo kimoja, kelele zitapungua.

Anayedhani filimbi si kitu aitazame nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2025. Inter ya Simone Inzaghi ilicheza 3-5-2 (mabeki watatu, viungo watano, washambuliaji wawili) ile ile ya kila Jumapili, mabeki wale wale, mpango ule ule wa kurudi chini na kusubiri. Ilitoka 3-3 Barcelona, ikashinda 4-3 San Siro baada ya muda wa ziada: mabao 13 katika mechi mbili. Bao la kusawazisha la dakika ya 93 lilifungwa na Francesco Acerbi. Beki wa kati mwenye miaka 37, mtu wa mwisho kwenye ukuta wa watatu, alikuwa amesimama ndani ya boksi dogo la Barcelona akiisubiri krosi ya Denzel Dumfries, akaupiga juu kabisa kwa mguu wa kulia, ambao si mguu wake. Mfumo ambao watu wanauita wa kujilinda ndio uliomfikisha pale, kwa sababu winga-beki wa kulia ndiye aliyeupora mpira pembeni na kupiga krosi. Kilichokuwa tofauti na Jumapili ya kawaida ni kwamba mpira uliachwa utembee.

Sasa kuhusu kipa. Tangu msimu wa 2025-26 sheria inampa sekunde 8 kuushika mpira kwa mikono, mwamuzi akizihesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na akizidisha, wapinzani wanapewa kona. Ni sheria nzuri, na adhabu yake inauma. Inaharibika kwa njia mbili. Kwanza, kipa anaudaka mpira kisha anaulalia, na mwamuzi anasubiri asimame ndipo aanze kuhesabu. Hesabu ianze pale kipa anapokuwa ameumiliki, awe amelala au amesimama, isipokuwa kama kuna mtu anamzuia kuinuka. Pili, sheria hii haigusi goli kiki, kwa hiyo muda uliookolewa mikononi unapotezwa miguuni. Kwa goli kiki kadi ya njano ya kuchelewesha ipo tayari kwenye sheria. Itoeni dakika ya 25 badala ya dakika ya 88, maana ya dakika ya 88 haimzuii mtu tena.

Kuna hila nyingine inayokua haraka. Kocha akiona timu yake inazidiwa, kipa anakaa chini na kushika paja. Mchezaji wa ndani akitibiwa hulazimika kutoka nje kidogo, lakini kipa ameachiliwa na sheria, kwa hiyo madaktari wanaingia, na wachezaji kumi waliobaki wanakimbilia benchi kunywa maji na kupangwa upya. Hiyo ni mapumziko ya bure ya dakika mbili. Tiba yake ni rahisi: kipa anapotibiwa, wachezaji wote wabaki mbali na maeneo ya ufundi, na makocha wakatazwe kuwaita. Mwamuzi wa akiba yupo pale pale kwenye mstari na anaweza kulisimamia. Hila ikikosa faida, makipa watapona.

Dakika za nyongeza nazo zipigwe hesabu hadharani. Kombe la Dunia la 2022 lilionyesha kwamba inawezekana: mechi ya Uingereza na Iran peke yake ilipata zaidi ya dakika 20 za nyongeza kwa vipindi vyote viwili. Ligi nyingi zilijaribu kisha zikarudi nyuma kwa sababu wachezaji walichoka, na tunawaelewa. Hatuombi mechi za dakika 110. Tunaomba ubao unapoinuliwa kuonyesha 6, skrini ya televisheni ionyeshe zimetoka wapi: VAR 2, majeruhi 2, mabadiliko 1, kuchelewesha 1. Timu inayopoteza muda ikijua dakika zake zitaandikwa mbele ya macho ya watu na kurudishwa, inaacha.

Mipira na waokota mipira ni jambo dogo ambalo klabu zenu hulichezea sana. Timu ya nyumbani ikiongoza, vijana wanaookota mipira hupotea. Ikifungwa, wanarudi mbio. Wekeni mipira kwenye vikoni kuzunguka uwanja, mmoja kila mita 25 hivi, na kazi ya kijana iwe kurudisha mpira uliotoka kwenye kikoni kilicho wazi, asimpe mchezaji mkononi. Mchezaji anachukua mwenyewe ulio karibu. Kasi inakuwa moja kwa timu zote mbili, awe anaongoza nani. Mjumbe wa ligi avihesabu vikoni kabla ya mechi na tena mwanzo wa kipindi cha pili, na kikoni kikikutwa kitupu kwa makusudi klabu ilipe faini.

Hapa tunaomba mtuvumilie, tutazungumza kidogo kuhusu nyasi, maana huko ndiko ulinzi wa chini unakovunjwa au kulindwa.

Timu inayojilinda kwa 5-3-2 haiwezi kuufunika uwanja wote wenye upana wa mita 68. Inafunika kama mita 40 upande ulipo mpira, na ule upande wa pili inauacha. Mpira ukihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia, ukuta wote unatelezesha. Winga-beki wa upande ulioachwa ana kama mita 20 za kukimbia ili amfikie winga. Anakimbia kama mita 5 kwa sekunde. Pasi mbili za kuhamisha zikichukua sekunde 4, amefika. Zikichukua sekunde 3, winga anaupokea akiwa na mita 5 za nafasi, anageuka, anamkabili mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo bao linapozaliwa. Tofauti ya sekunde moja ni urefu wa nyasi na maji. Nyasi za milimita 30 na zaidi, zikiwa kavu, huupunguza mpira mwendo njiani. Za milimita 24 hivi zilizomwagiwa maji muda mfupi kabla ya mechi na tena wakati wa mapumziko huuacha uteleze.

Klabu ya nyumbani inayotaka suluhu inalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana tunataka kanuni isiwaachie uhuru huo. Urefu wa nyasi uwekwe kati ya milimita 23 na 27, upimwe na mjumbe wa ligi saa tatu kabla ya mechi katika sehemu sita za uwanja, ikiwemo karibu na bendera za kona ambako mashine hukata vibaya. Umwagiliaji wa dakika ya 15 kabla ya kuanza na wa mapumziko uwe wa lazima isipokuwa mvua inaponyesha au baridi ya kugandisha. Januari na Februari kaskazini mwa Italia nyasi hazikui, na viwanja vinavyotumiwa na timu mbili, San Siro ukiwa mmoja wao, huchakaa mbele ya magoli. Huko zinahitajika nyasi mseto, zile za asili zilizoshonewa nyuzi za plastiki, pale ambapo bado hazipo, na taa za kuoteshea usiku. Klabu ndogo zikisema hazina fedha, Lega inunue taa chache na kuzizungusha.

Jedwali nalo lina la kulipa. Kanuni yenu ya kutenganisha timu zenye pointi sawa inatazama kwanza matokeo baina ya timu hizo. Ukiongoza 2-0 dakika ya 70 dhidi ya timu usiyopigania nayo nafasi, bao la tatu karibu halina thamani kwako hadi Mei, kwa hiyo unalaza mpira. Uingereza na Ujerumani hutazama kwanza tofauti ya mabao ya msimu mzima. Kule bao la tatu na la nne yana bei, na timu iliyopigwa 2-0 nayo inajua kwamba kufungwa la tatu kutaigharimu. Badilisheni: tofauti ya mabao kwanza, kisha mabao ya kufunga, kwa nafasi zote za Ulaya. Mechi ya mchujo kwa ubingwa na kwa kushuka daraja mliyoirudisha msimu wa 2022-23 iacheni kama ilivyo, ni tamu. Verona na Spezia walipokutana Reggio Emilia Juni 2023, Verona ikashinda 3-1 na kubaki, hakuna aliyeuliza kuhusu ulinzi.

Wapo watakaowashauri mlipe bonasi ya fedha kwa kila bao. Msiwasikilize. Mwezi Mei timu mbili zisizo na cha kupigania zitafungana 4-4 na kugawana, na mtakuwa mmenunua aibu. Suala la kupunguza timu kutoka 20 hadi 18 klabu zenyewe zililikataa Februari 2024, na sisi hatulifufui. Timu 18 zinazosimamishwa na filimbi kila nusu dakika zitachosha vile vile.

Kuna jambo moja la FIGC. Tatizo la kweli la mashambulizi ya Italia liko kwa mtoto wa miaka 11. Anajifunza kupanga mstari na kuziba nafasi kabla hajaruhusiwa kupoteza mpira mara kumi akijaribu chenga. Mfungaji bora wa 2024-25, Mateo Retegui, anachezea Italia lakini amezaliwa na kukulia soka Argentina; kabla yake walikuwa Lautaro Martínez na Victor Osimhen. Kwenye mashindano ya watoto wa tisa kwa tisa, katazeni mchezaji wa akiba wa kudumu, na wekeni kipindi kimoja kati ya vinne ambamo mwalimu haruhusiwi kuelekeza kutoka nje ya mstari. Coverciano, kituo cha FIGC cha kufundishia makocha, inapotoa leseni, mwalimu wa watoto apimwe pia kwa mazoezi ya mmoja dhidi ya mmoja anayoyaandaa, si kwa ubao wa mbinu peke yake. Matunda ya hilo hatutayaona kesho, tunajua.

La mwisho ni kamera, na hili linatuhusu sisi tulio mbali kuliko mtu yeyote. Kwenye uwanja wenye njia ya riadha kama Olimpico wa Roma, kamera kuu iko mbali na wachezaji wanaonekana kama sisimizi kwenye skrini ya inchi 32. Mwongozaji anarudia tukio wakati mpira tayari umeshapigwa, au anatuonyesha uso wa kocha wakati faulo inachezwa haraka. Tukirudi uwanjani, shambulizi limekwisha. Haya si makosa ya ulinzi, lakini yanahesabiwa kwenye ulinzi. Agizeni kwamba mpira ukiwa mchezoni, picha kuu isiondoke uwanjani. Marudio yangoje mpira usimame, na nafasi zipo tele.

Tena, tuonyesheni ulinzi wenyewe. Tarehe 28 Aprili 2010, Camp Nou, kwenye marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona, Inter ilibaki na watu kumi tangu kadi nyekundu ya Thiago Motta kipindi cha kwanza, Samuel Eto'o akicheza kama beki wa pembeni, na ikafungwa 1-0 tu na kwenda fainali. Dakika ya 86 Mkenya McDonald Mariga aliingia badala ya Eto'o kusaidia kuufunga mlango. Ulikuwa ulinzi mtupu kwa zaidi ya saa moja, na hapa kwetu mechi hiyo inasimuliwa mpaka leo kuliko mechi nyingi za mabao saba. Ulinzi unapendeza mtu akiuona: mstari unavyopanda pamoja, beki wa kati anavyotoka na mwenzake anavyoingia nafasi yake, kiungo anavyoifunga njia ya pasi kabla haijapigwa. Picha hizo kamera ya juu nyuma ya goli inazo. Kila mapumziko toeni sekunde 40 za picha hiyo, bila michoro mingi, tukio moja la ukabaji tangu mwanzo hadi mwisho, na muwape watangazaji wa lugha zote, Kiswahili kikiwemo.

Na kwa kuwa mechi ya Jumapili ya saa 6:30 mchana kwenu ni saa 8:30 mchana kwetu wakati wa baridi, kabla ya mechi za saa 11 jioni za Uingereza hazijaanza, iwekeni hapo mechi yenye mvuto angalau mara moja kwa mwezi. Mnapoweka humo timu mbili zinazopigania kutoshuka, na mechi kubwa zote mkazipeleka saa 4:45 usiku kwa saa za kwetu, watu wanaoamka alfajiri Jumatatu hawawezi kuzifuata.

Maelekezo ya waamuzi, mipira kwenye vikoni, kipimo cha nyasi na agizo la kamera havihitaji kura ya klabu 20 wala mabadiliko ya sheria. Tunaomba yatangazwe kabla ya kambi ya waamuzi ya kiangazi, ili makocha wayakute yakiwa tayari wanapoanza mazoezi ya msimu. Kanuni ya tofauti ya mabao iwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa klabu unaofuata, na matokeo ya kura yachapishwe yakiwa na jina la kila klabu na upande iliosimama.

Wenu katika michezo,

Wafuatiliaji na wachambuzi wa Serie A kwa Kiswahili,
Afrika Mashariki